Kinanda cha Kitambaa

Mtoto wa fundi cherehani alikuwa na jina lake zuri tu kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini mtaani lilikuwa limeshasahaulika. Wateja wa mama yake walimwita Kwanini. Mtu akija kupimwa suruali, huyo binti amekaa kwenye kigoda karibu na pasi, anamwangalia, kisha anauliza. Kwa nini sindano ya mkono ina tundu huku nyuma, na ya cherehani ina tundu huku mbele kwenye ncha? Kwa nini shati la baba linafungiwa kulia na la mama kushoto? Wengine walicheka, wengine wakamwambia akacheze nje. Mama yake hakuwahi kumkemea kwa kuuliza. Alimkemea kwa uvivu, kwa kuchelewa na kwa kuacha pini sakafuni, lakini swali alilijibu, na asipokuwa na jibu alisema, "Hilo silijui," akaendelea kukanyaga cherehani.

Fundi huyo alikuwa mtu wa kipimo. Miaka ishirini na mbili alikuwa ameshona katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, na kwa miaka yote hiyo hakuna nguo iliyowahi kurudishwa kwa sababu imebana au imepwaya. Kitambaa cha mteja kilichobaki alikirudisha, hata kiwe cha upana wa kiganja. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba ninayemsimulia hapa si mtu wa ujanja ujanja.

Kwanini alipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, shule iliwaita wazazi na watoto siku moja kabla ya muhula ili waione. Walipitishwa madarasani, maktaba, maabara yenye harufu ya gesi, na mwisho chumba cha muziki. Humo, juu ya meza ndefu, vilikuwepo vinanda vitatu vya umeme vilivyofunikwa shuka. Mwalimu wa muziki, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alifunua kimoja na kubonyeza vibao vitano. Kwanini alihisi nywele zikimsimama.

"Mwalimu, kwa nini vyeusi viko viwili viwili halafu vitatu vitatu?"

"Ukiingia kwenye kikundi changu utajua," alisema mwalimu. Kisha akawageukia wazazi wote. "Nafasi ni sita. Vinanda vitatu, watoto wawili kwa kila kimoja. Na simchukui mtoto ambaye hana kinanda nyumbani. Kujifunza saa moja kwa wiki bila mazoezi ni kunipotezea mimi muda na kujidanganya yeye. Nusu saa kila siku, mzazi anatia sahihi kwenye daftari la mazoezi. Baada ya wiki nne, kila mmoja atanichezea ukurasa wa tatu wa kijitabu hiki. Atakayeweza, karibu."

Wazazi wengi walikunja vijitabu walivyogawiwa wakavitia mifukoni na kuondoka. Fundi alibaki. Shingoni bado alikuwa na futi yake ya kupimia, kwa maana alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na wala hakukumbuka kuivua. Akaitoa, akainyoosha juu ya vibao, kuanzia ukingo wa do hadi ukingo wa mwisho wa ti, vibao saba vyeupe. Akapima urefu wa kibao, akapima vyeusi, akaandika kwenye kidaftari chake cha wateja, kati ya kiuno cha mtu mmoja na kifua cha mwingine.

"Mama, watu wanatuangalia," Kwanini alinong'ona.

"Waache waangalie. Macho hayachani."

Baada ya siku mbili kinanda kilikuwa tayari. Kilikuwa kitambaa kizito cheupe cha pamba, chenye vibao kumi na vinne vilivyotengwa kwa mshono wa uzi wa kijivu, na vyeusi vilikuwa vipande vya kitambaa cha suti vilivyoshonwa juu, vimejazwa pamba kidogo ili kidole kivihisi. Kilitandikwa kwenye ukingo wa meza ya kukatia na kubanwa kwa pini. Fomu ya shule ilikuwa na mstari unaosema: kinanda cha mazoezi nyumbani, kipo au hakipo, kata lisilohusika. Fundi alikaa na kalamu kwa muda.

"Hiki ni nini kama si kinanda?" alisema hatimaye, na akakata "hakipo".

Mtu mwaminifu anapoanza kusema uongo huanzia mahali kama hapo. Hatafuti neno la uongo. Huchukua neno la kweli akalikunja kidogo, litoshe.

Sekondari ilimpa Kwanini vitu vya kushangaa kila siku. Kule shule ya msingi walimu wawili walimfundisha kila kitu katika chumba kimoja. Hapa kengele ililia kila dakika arobaini, na kila ilipolia watoto mia nne walitoka wakapishana kwenye veranda kama sisimizi, kila mmoja na ratiba yake mkononi. Wiki ya kwanza aliingia mara mbili kwenye darasa la kidato cha tatu na kukaa, akisubiri somo la jiografia, hadi mvulana mmoja mwenye ndevu alipomwambia, "Dada mdogo, umeruka miaka miwili." Aliamka saa kumi na moja na nusu, akapiga pasi sare, akanywa chai, akatembea dakika ishirini na tano, akasimama mstarini asubuhi, akasoma vipindi vinne, akala, akasoma vinne vingine. Jumatano mchana ilikuwa siku ya vikundi: mdahalo, bustani, sataranji, mpira wa wavu, muziki. Jioni aliosha vyombo, akafanya hesabu, kisha akavuta kigoda mbele ya meza ya kukatia.

Kitambaa hakitoi sauti, kwa hiyo sauti aliitoa mwenyewe. Do re mi alikuwa ameijua tangu kwaya ya shule ya msingi. Kila kidole kilipogusa kibao, aliimba kibao hicho. Kijitabu kilisema macho yawe kwenye ukurasa, si kwenye vidole, na mama yake alilikubali hilo moja kwa moja. "Mimi naangalia pedeli?" aliuliza. "Mguu unajua. Na kidole kitajua."

Askari mlinzi wa ukumbi wa mikutano, mteja wa siku nyingi ambaye kila mwaka kiuno cha suruali yake kilihitaji kuachiwa nafasi, alimkuta siku moja katika hali hiyo.

"Fundi, huyu mtoto anakanda unga gani usioonekana?"

"Anacheza kinanda."

"Mbona sisikii?"

"Kwa nini husikii, baba, na mimi naimba?" Kwanini alijibu bila kuinua macho. Askari alicheka mpaka akashika meza.

Siku ishirini na nane, nusu saa kila siku, na kila siku fundi alitia sahihi. Hakuruka hata moja. Siku aliyokuwa na homa mtoto alifanya dakika ishirini, na ikaandikwa ishirini.

Kati ya watoto wote wapya, sita tu waliandika kwamba kinanda kipo. Mmoja wao alikuwa jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alimweleza mara nyingi jinsi kinanda cha kwao kilivyo na taa nyekundu na sauti za ngoma. "Cha kwenu kina taa?" aliuliza. "Hakina," alisema Kwanini, na hapo hakusema uongo.

Ijumaa ya jaribio waliingia mmoja mmoja. Kwanini alikaa, akaweka kidole gumba kwenye do, akatandaza vidole vingine kama alivyozoea, akaweka macho kwenye ukurasa. Do ikalia do. Re ikalia re. Mi ikalia mi, ingawa kidole kiliigusa ukingoni. Alipoigusa fa, ikalia so.

Aliacha kucheza. Aliisikia vizuri sana kwamba si yenyewe. Akaanza tena, na tena fa ikawa so, na alipojaribu so ikatoka la. Mara ya tatu mikono ilikuwa imelowa jasho na hata mi ilimponyoka.

Mwalimu alivua miwani. "Daftari lako linasema siku ishirini na nane."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mtu aliyefanya mazoezi siku ishirini na nane anaikosa fa? Hii kazi imeandikwa kwa siku moja, asubuhi ya leo. Nimefundisha miaka mingi, binti. Madaftari ya namna hii nayajua."

"Nimefanya, Mwalimu. Kila siku."

"Kwenye kinanda?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Angeweza kusema. Lakini nafasi yake ilikuwa hiyo moja tu, na sharti alilijua.

"Ndiyo," alisema.

"Basi Jumatatu mama yako aje, na hicho kinanda mje nacho. Nafasi yako inasubiri hapo."

Kwanini aliinuka. Machozi yalikuwa karibu, lakini swali lilikuwa karibu zaidi. Kwa nini amekosea upande wa kulia tu? Kwa nini vya karibu na gumba vimekubali na vya mbali vimekataa? Kabla hajatoka alinyoosha kiganja juu ya vibao, gumba kwenye ukingo wa do, kidole cha mwisho hadi kinapofika.

"Unafanya nini tena?" aliuliza mwalimu.

"Naangalia tu, Mwalimu. Samahani."

Nyumbani alimkuta mama yake akipiga pindo, na askari mlinzi akisubiri suruali. Hakusalimia vizuri. Aliweka mkoba chini, akanyoosha kiganja juu ya kitambaa.

"Mama, shubiri yangu hapa inaishia la. Shuleni imeishia ti."

"Mkono hauwezi kukua kwa siku moja."

"Ndiyo nasema. Kinanda chetu ni kikubwa kuliko cha shule."

Fundi aliacha pindo. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo, lakini kwake lilikuwa ni kuambiwa nguo imerudi. Alichukua futi, akapima vibao saba: sentimita kumi na tisa na nusu. Akafungua kidaftari: kumi na tisa na nusu. "Kitambaa na daftari vinaelewana," alisema, na sauti yake ilikuwa kali. Kisha akaweka futi chini. Akakaa.

Fundi aliyemfundisha kazi alimzoesha kuandika vipimo vyote vikiwa vimeshaongezwa akiba ya kushonea, sentimita tatu, kwa sababu siku ukisahau kuongeza wakati wa kukata, nguo ya mtu imekwisha. Kwa miaka ishirini na mbili mkono wake uliongeza tatu bila kumwuliza. Siku ile, akiwa ameinama juu ya kinanda cha shule, aliona kumi na sita na nusu na mkono ukaandika kumi na tisa na nusu. Katika gauni, akiba ile huliwa na mshono. Katika kinanda hakukuwa na mshono wa kuila. Iligawanyika kwa vibao saba, milimita nne na kidogo kila kimoja. Kwenye re haikuonekana, na kwenye fa tayari ilikuwa imevuka mpaka.

"Nimekushonea kinanda cha kukulia," alisema, na hakuwa na uso wa mzaha. "Siku ishirini na nane umejifunza kosa langu."

Kwanini akamweleza mengine yote: daftari kuitwa la uongo, na Jumatatu.

Askari mlinzi, ambaye suruali yake ilikuwa bado mikononi mwa fundi, alikohoa. "Jamani, hili mbona dogo? Pale ukumbini kuna kinanda, kimekaa tu. Jumatatu alfajiri nakitoa, mnaenda nacho, mchana nakirudisha. Nani atajua?"

Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa huruma. Wanaotuharibu hawaji siku zote na sura mbaya.  Fundi alitazama kitambaa, akamtazama mwanawe, na nadhani kwa muda ule alikuwa anapima.

"Na Jumanne?" aliuliza Kwanini.

"Jumanne nini?"

"Jumanne nitafanyia wapi mazoezi? Mwalimu atakuwa ameona kinanda, mimi nitarudi kwenye kitambaa. Halafu nikikosea tena atasema mvivu, na sitakuwa na la kusema."

 Fundi akakata uzi kwa meno, akakunja suruali. "Hii hapa, baba. Kiuno nimekuachia, usile sana. Kinanda cha watu kiache walikokiweka."

Askari alipotoka, fundi alisema bila kumtazama mwanawe, "Neno kwenye fomu nililikata mimi."

"Lakini leo kaniuliza mimi, Mama. Nikasema ndiyo."

"Basi tuna makosa mawili, kila mtu na lake. Jumatatu kila mtu atabeba lake."

"Tukisema, nafasi inakwenda."

"Inakwenda," alisema mama yake. Hakumfariji zaidi ya hapo, na alifanya vizuri.

Jumatatu walifika kabla ya kengele ya kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mama. Kinanda kiko wapi?"

Fundi alifungua mkoba, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne, akakitandaza mezani kando ya kinanda cha shule. Mwalimu alivaa miwani. Alikigusa kibao cheusi kilichojazwa pamba. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Kipimo nimekosea mimi," alisema fundi, na akaeleza habari ya sentimita tatu kwa maneno machache, kama mtu anayetoa hesabu.

"Na sauti?" mwalimu alimwuliza Kwanini. "Hiki kilitoa wapi sauti?"

"Niliimba, Mwalimu."

Mwalimu alibonyeza do. "Imba fa." Aliimba. Mwalimu akabonyeza fa ya kweli, na zikawa moja. "La." Ikawa moja.

"Daftari hili ni la kweli," alisema mwalimu polepole. "Niliposema limeandikwa kwa siku moja nilikosea, na nakuomba radhi mbele ya mama yako." Kisha akatoa fomu kwenye faili na kuiweka juu ya kitambaa. "Lakini fomu hii si ya kweli. Na Ijumaa nilikuuliza kwa mdomo."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilidanganya."

"Kwa kosa la kipimo nisingemtoa, mama," mwalimu alimwambia fundi, aliyekuwa amefungua mdomo kumtetea binti yake. "Kipimo kinarekebishwa."

Akampa Kwanini kalamu. Binti alikata "kipo" na kuandika juu yake "hakipo", kwa mwandiko wake, na mama yake akatia sahihi pembeni. Jina lake likatoka kwenye orodha.

Jumatano mwalimu alimtaka awaambie wenzake watano mwenyewe kwa nini hayupo tena. Alisimama mbele yao, akasema: "Cha kwetu ni kitambaa. Mama alikishona. Nilisema kipo, na hakipo."

Alitarajia kicheko. Hakikuja. Mvulana mfupi wa mstari wa mbele alikuwa anaangalia viatu vyake, kisha akainua mkono nusu.

"Mwalimu, cha kwetu kimechorwa mezani. Kwa chaki. Dada yangu anakifuta akipanga sahani."

Mwalimu aligeuka. Na kabla hajasema lolote, Redio alikuwa amesimama.

"Cha kwetu kipo, Mwalimu! Naapa kipo. Ila..." Sauti ilimpungua kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. "Ila kipo kwa mjomba. Mji mwingine. Nilikiona mara moja."

"Na taa?" aliuliza Kwanini.

"Taa zipo kweli."

Hapo ndipo walipocheka, hata mwalimu, ingawa yeye hakucheka muda mrefu. Aliketi. Alikuwa ameweka sharti jema kwa sababu njema, na hakuwahi kujiuliza ni nani anayeweza kulitimiza. Sharti likachagua, pamoja na wenye vinanda, watoto walioweza kukunja neno. Hilo haliwasamehe watoto hao, na yeye hakuwasamehe: majina yote matatu yalitoka, na nafasi tatu zikabaki wazi hadi muhula wa pili. Lakini mtu mzima mwenye haki hujitazama na yeye, na alijitazama.

"Mwalimu," alisema Kwanini, "kwa nini vinanda vinafungiwa saa ya chakula?"

"Kwa sababu..." Mwalimu alitafuta. "Kwa sababu mimi ndiye mwenye ufunguo, na saa hiyo naenda kula."

"Kwa nini usile hapa hapa?"

Redio alimvuta sketi akae. Mwalimu akachukua chaki na kugawa kipande cha ubao kwa siku tano. Wasio na kinanda nyumbani, nusu saa kila mmoja, saa ya chakula, bila masharti ya fomu. Kwanini akapata Alhamisi.

Siku hiyo alikula haraka kuliko ilivyo adabu, akafika chumba cha muziki akiwa bado anatafuna. Mwalimu alikuwa kwenye kona na sahani yake na gazeti, na alimwonyesha kinanda kwa uma bila kusema neno. Kwanini alijua kazi iliyomngoja: kuvikusanya vidole alivyovitandaza kwa siku ishirini na nane, milimita kwa milimita, fa ikae fa. Kazi hiyo ingechukua muhula mzima, na alikuwa tayari.

Lakini kwanza alisogeza kiti kushoto hadi mwisho, kwenye vibao ambavyo kitambaa hakikuwa navyo, akabonyeza cha mwisho kabisa, akakishikilia, akainamisha kichwa ili asikie kinasemaje.

"Mwalimu, kwa nini huku chini kunanguruma?"

Mwalimu alikunja gazeti, akaburuta kiti.

"Sogea," alisema. "Hilo ni swali zuri."